Kila Nyumba na Mizani Yake: Korona Ilivyopimwa Vijijini Pwani

UKIPITA katika vijiji vya pwani yetu, tangu Kiunga mpaka Vanga, ukauliza habari za ugonjwa wa korona, aghalabu utajibiwa kwa kicheko kwanza. Ukikaa barazani mpaka kikombe cha pili cha kahawa, kicheko hupungua na mabishano huanza. Huyu atashikilia kwamba maradhi yale hayakufika kijijini kabisa, yalikuwa ya watu wa mjini na wapanda ndege. Yule atataja wazee waliokohoa juma zima wakafa. Wa tatu atasema kilichowaumiza watu ni kafyu na njaa. Na wote watatu ni majirani, wanaswali msikiti mmoja, na maji huteka kisima kimoja.

Mabishano hayo ndiyo nitakayo kuyazungumza leo, kwani yalistahili kusikilizwa kuliko yalivyosikilizwa wakati ule. Huko mijini ilizoeleka kusemwa kwamba mtu wa shamba hakuijua hatari kwa sababu ya ujinga. Na huku vijijini wako waliosema kwamba aliyevaa barakoa na kukaa mbali na mwenziwe alikuwa amepungukiwa na imani. Kwa maoni yangu wote wawili walikosea. Watu wa vijijini waliipima hatari kila kukicha, tena kwa makini. Lakini kila nyumba ilikuwa na mizani yake, na kile kilichowekwa katika kitanga cha pili, mkabala wa maradhi, hakikuwa kimoja.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 22 mikusanyiko yote ya ibada ikapigwa marufuku, misikiti kwa makanisa. Kuanzia tarehe 27 ikawekwa kafyu ya nchi nzima, tangu saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Na tarehe 8 Aprili mipaka ya Mombasa, Kwale na Kilifi ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwanzo wa Juni. Mombasa ikangoja mpaka Julai. Kafyu yenyewe, ingawa saa zake zilibadilishwa mara kwa mara, haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021.

BAHARI HAIFUATI SAA

Mtu wa ofisini akisikia kafyu huona amekoseshwa matembezi ya jioni. Mvuvi huona jambo jingine. Bahari hufuata mwezi. Kujaa na kupwa kwa maji husogea kiasi cha dakika hamsini kila siku, na mvuvi hutoka maji yanapomruhusu, serikali iwe imesema nini. Wako wanaovua kwa taa usiku wa giza, kwa sababu samaki wafuatao mwanga hawaji mchana. Wako wanaotega jarife magharibi wakalitazama alfajiri. Hao wote waliambiwa wakae ndani saa zile zile za kazi yao. Zaidi ya hayo, amri ilikuja wakati kusi inaanza, majira ambayo bahari huchafuka na siku za kutoka ni chache hata katika mwaka wa heri.

Nyuma ya mvuvi yuko mama karanga. Mama huyu hununua samaki wadogo pwani wakati wa alasiri, huwakaanga, kisha huwauza njia panda baada ya magharibi, watu wanapotoka msikitini au kurudi makazini. Soko lake ni la saa mbili tu, na hizo ndizo zilizochukuliwa na kafyu. Akiuza mapema, wanunuzi hawajapata pesa ya siku; akichelewa, askari huyo. Na samaki waliobaki, katika nyumba isiyo na barafu, hawangoji. Mwambie mama huyu kwamba iko hatari ya kuambukizwa, atakuitikia kwamba iko, kisha atakuuliza watoto wale nini usiku huu. Anayesema hivyo hajakanusha maradhi, amepiga hesabu.

Wavuvi wa Lamu walikuwa na kisa chao zaidi. Kwa miaka mingi kabla ya korona walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, kwa vile wako karibu na mpaka wa Somalia. Basi kafyu ilipokuja na jina la afya, wengi waliiona ni amri ile ile ya zamani iliyovishwa kanzu mpya.

Na kule Likoni, siku ile ile kafyu ilipoanza, askari waliwapiga kwa marungu na kuwatupia gesi ya kutoa machozi watu waliosongamana wakingoja feri ili wawahi makwao kabla ya saa moja. Picha zilienea nchi nzima. Kwa mwanakijiji wa Kwale aliyerudi jioni ile macho mekundu, hatari ya kwanza ya korona aliyoiona kwa macho yake ilikuwa rungu. Baadaye ikaja sheria ya barakoa, na faini yake ilitajwa kuwa shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi elfu ishirini kwa mtu auzaye madafu! Si ajabu basi kwamba barakoa nyingi vijijini zilikaa mfukoni, zikatoka askari walipotokea. Watu walizivaa kwa kumkinga mvaaji na faini.

Ndani ya kijiji kimoja hicho yuko mwalimu wa skuli. Skuli imefungwa, lakini mshahara wa serikali waingia benki kila mwezi. Huyu aliweza kukaa nyumbani, akawahimiza na wenziwe wakae, na aliyoyasema yalikuwa kweli. Jirani yake ni ustadhi wa madrasa, ambaye riziki yake ni ada ndogo ya watoto wa mtaani. Alikosa wanafunzi akakosa na senti, kwa kuwa madrasa zilibaki zimefungwa hata misikiti ilipofunguliwa. Kijana wa hoteli za Diani amerudi kwao na begi moja. Na mwenye shamba la mihogo na minazi michache aliona ulimwengu umesimama ilhali sufuria yake haijasimama. Aprili ni masika, jembe lina kazi, na shambani mtu yu mbali na wenziwe pasi na kuamriwa. Watu wanne, mtaa mmoja, amri moja. Anayetaka kujua ni nani kati yao aliyeitii kwa moyo mkunjufu, na aulize kwanza ni nani aliyekuwa na akiba.

NDUGU AKIRUDI KUTOKA MJINI

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Siitaji kwa jina, kwani nyumba za namna hii zilikuwako kila kijiji. Mama ana miaka sabini na ana pumu. Mwana mkubwa ni mvuvi, anaishi naye pamoja na mkewe na watoto. Mwana mdogo ni makanga wa matatu Mombasa. Zilipozagaa habari kwamba mji utafungwa, kijana alifunga mzigo wake akawahi kutoka, kama walivyofanya wengi.

Mke wa mkubwa akampokea nje.

"Shemeji, sikufukuzi," akamwambia. "Lakini wewe watoka penye watu wengi, na kifua cha mama wakijua. Lala banda la nazi siku kumi na nne. Chakula nitakuletea kwa mkono wangu."

Kabla kijana hajajibu, mama akasikika kutoka ndani: "Mwanangu halali na makumbi kama mbuzi, nami ni hai. Ikiwa siku yangu imefika, imefika."

"Mama, si hivyo, twakuhofia wewe."

"Na yeye, watu watamwita nani wakimwona amelazwa nje?"

Msomaji, hapo mjinga ni nani? Mke ameyasikia ya redioni na amefahamu kwamba mzee mwenye pumu ndiye anayestahili kulindwa kwanza. Mama naye ameona mbali kwa upande wake. Siku zile aliyedhaniwa kuwa na korona aliweza kuja kuchukuliwa na gari, akapelekwa karantini, na wako waliodaiwa malipo ya siku walizokaa huko. Jina la mwenye korona likishamwangukia kijana kijijini, nani atakaa naye, nani atampa kazi, na akitaka kuoa aende kuposa wapi? Mama alikuwa akimlinda mwanawe na hatari ambayo redio haikuitaja.

Nyumba nyingi zilipata suluhu ya katikati. Kijana akalazwa barazani, penye upepo, mkeka wake peke yake, sahani yake na kikombe chake. Mama akahamia upande wa uani. Akija mgeni, kijana yuko barazani kama vijana wote walalavyo wakati wa joto, hakuna la kuulizwa. Suluhu hiyo haikuandikwa katika tangazo lolote la serikali, lakini kitabibu ilikuwa na maana kubwa. Virusi hivi huenea zaidi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, ambamo watu hukaa pamoja kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilikuja kulisema waziwazi jambo hili la hewa mwaka 2021. Mwanzoni sisi tulihubiriwa zaidi habari za mikono na sabuni, na vibuyu chirizi vikatundikwa milangoni hata kwa watu wanaotawadha mara tano kwa siku. Kunawa ni kuzuri, sikatai, na kuliwakinga watu na maradhi mengine pia. Lakini laiti tungeambiwa mapema kwamba baraza ni bora kuliko chumba, na kivuli cha mwembe ni bora kuliko ukumbi uliofungwa madirisha, mwanakijiji angeitikia mara moja, maana ndivyo alivyozoea kuishi.

MSIKITI ULIPOFUNGWA

Hili ndilo lililouma kuliko yote. Ramadhani ya mwaka 2020, iliyoanza mwishoni mwa Aprili, ilipita bila ya tarawehe za jamaa, na Idi ya mwezi wa Mei ikaswaliwa majumbani. Mwezi wa Machi, kule Kuwait, waadhini walikuwa wamekwisha kuanza kuwaita watu waswali majumbani mwao, na habari hiyo ilifika huku kwa simu za mkononi kabla ya misikiti yetu kufungwa. Wako waliolia walipoisikia. Hata hivyo, wanaojua walikumbusha kwamba maneno hayo si mageni katika dini: yalitumika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, usiku wa mvua na baridi kali.

Barazani zilipigwa hadithi kwa hadithi. Waliokataa kujitenga walishika ile inayosema kwamba hakuna kuambukizana. Wenzao wakashika ile inayoamrisha kumkimbia mwenye ukoma jinsi mtu anavyomkimbia simba. Jambo ambalo wabishi wengi hawakulijua ni kwamba maneno hayo mawili yamepokewa pamoja, katika riwaya moja iliyomo ndani ya Sahihi ya Bukhari. Wanavyuoni wa kale waliyapatanisha hivi: maradhi hayana nguvu ya nafsi yake pasi na idhini ya Mwenyezi Mungu, wala hayo hayamwondolei mja wajibu wa kuziepuka sababu za madhara.

Kisa cha Sayyidna Umar nacho kilisimuliwa mno miezi ile, lakini mara nyingi kwa kukatwa nusu. Alipokuwa njiani kuelekea Sham, katika zama za tauni ya Amwasi, kiasi cha mwaka 639, alifika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kwamba tauni imeingia mbele. Akawaita Muhajirina kuwataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume: tauni ikiwa katika nchi usiingie, na ikikukuta ndani usitoke kwa kuikimbia. Umar akarejea Madina. Abu Ubaida akabaki Sham na jeshi lake, na tauni ikamuua.

Kinachonivutia mimi katika kisa hiki ni ile mikutano miwili ya kwanza. Masahaba wakubwa, walioishi na Mtume, waliulizwa juu ya hatari ya maradhi wakatofautiana, na hakuna aliyemtoa mwenziwe katika imani. Vijijini mwetu mwaka 2020 wako ndugu walioachana mikono kwa jambo hilo hilo.

Imamu Ibn Hajar wa Askalani, aliyeisherehesha Bukhari, alifiwa na mabinti zake kwa tauni na akaandika kitabu kizima juu yake. Humo ameeleza jinsi watu wa Cairo katika mwaka 833 Hijria walivyotoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba tauni iondoke, na jinsi vifo vilivyozidi baada ya mkusanyiko ule. Hakuwa akiikataza dua. Alikuwa akitahadharisha namna ya kukusanyika.

Dua na visomo vijijini havikusita. Misikitini, kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa, ilisomwa kunuti. Majumbani zilisomwa nyiradi na Halbadiri. Wazee wakakumbushana desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kwa visomo kisha akachinjwa sadaka, desturi ambayo wengine huiheshimu na wengine huiita bidaa, na sitaki kuiingilia hapa. Malimau, tangawizi, mwarobaini na habasoda zilipanda bei.

Misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai 2020, yalikuja masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyezidi miaka 58. Sababu yake ilikuwa wazi, kwani korona iliwaua wazee kwa wingi kuliko vijana. Lakini nenda msikiti wa kijiji chochote utazame safu ya kwanza. Ni wazee watupu! Imamu mwenyewe pengine amepita sitini, na muadhini ndiye aliyemfundisha imamu kusoma. Amri iliyofanywa kwa kuwahurumia iliwafikia kama kufukuzwa. Mahali pengine walitii, wakaswali nyumbani kwa uchungu. Mahali pengine hakuna aliyeuliza mtu cheti cha kuzaliwa mlangoni. Na wako vijana waliotandika mikeka nje, chini ya mwembe, ili wazee wao waswali mahali penye hewa.

MAITI

Ikiwa liko jambo moja lililowafukuza watu hospitali, ni hofu juu ya mazishi. Mwezi wa Aprili 2020 nchi nzima iliona picha za mazishi ya usiku kule Siaya, maiti ikizikwa harakaharaka na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Muislamu wa pwani alizitazama akajiuliza: nikifa hospitali, nani ataniosha? Nani atanikafini? Mjane wangu ataniona?

Wanavyuoni walitoa majibu. Palipo na hofu ya kweli ya madhara, kuosha huweza kupunguzwa, na palipo na dharura hutayamamwa. Nalo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuandika, mwezi wa Machi 2020, kwamba maiti kwa kawaida haiambukizi, isipokuwa kwa maradhi kama Ebola na kipindupindu, na kwamba aliyekufa kwa korona aweza kuoshwa na watu waliovaa glavu na kujikinga ipasavyo. Maneno hayo hayakufika kijijini. Zilizofika ni zile picha. Hivyo mtu aliyeanza kukosa pumzi alifungiwa ndani, akafukizwa majani, wakaitwa jamaa wachache. Waliomficha hawakuwa wakiichezea korona. Walikuwa wakichagua baina ya hatari ya kufa na hatari ya kuzikwa bila ya haki nne za maiti, na kwa muumini hili la pili si dogo.

Idadi ya wahudhuriaji wa mazishi nayo ilipunguzwa mpaka watu 15. Hesabu mwenyewe: wachimba kaburi, waoshaji, wabeba jeneza wanaopokezana, imamu, na wana wa marehemu. Kumi na tano wamekwisha kabla hujawafikia majirani, na kwetu jirani asiyekuja kuzika huulizwa kwa nini.

NG'AMBO YA MPAKA

Kule Vanga mabishano yalipata sura nyingine. Kutoka Vanga hadi Jasini, upande wa Tanganyika ya zamani, si mbali. Watu ni wale wale, Wavumba, Wadigo na Wasegeju, na kuna nyumba ambazo mume ni wa huku na mke ni wa kule. Tanzania iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, zilipofika 509. Nyumba za ibada kule hazikufungwa, na Rais John Magufuli aliwahimiza watu kusali na kujifukiza, akatangaza mwezi wa Juni kwamba maradhi yameondoka. Kenya nayo, kati ya mwezi wa Mei, ilifunga mpaka huo isipokuwa kwa magari ya mizigo.

Fikiria basi familia iliyogawanyika hivyo katika Ramadhani moja. Huku msikiti umefungwa, kule tarawehe zaswaliwa. Mjomba wa upande wa Tanga humpigia simu mpwa wake wa Vanga akimcheka kwa uoga. Mpwa humjibu mjomba kwa adabu, kisha akikata simu humwombea. Na kwa kuwa upande ule haukuwa na hesabu, hapakuwa na njia ya kuamua nani yuko sawa. Aliyetaka kuamini kwamba hakuna ugonjwa alionyesha kidole kule. Aliyetaka kuuogopa alionyesha huku.

Mwanzo wa mwaka 2021 ndipo kicheko kilipopoa. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ilitangazwa waziwazi kwamba ameugua korona, na akafariki tarehe 17 Februari 2021. Pwani yote, huku na kule, ilimjua. Kwa watu wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maradhi haya kuwa na jina wanalolijua. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeshika madaraka mwezi uliofuata baada ya kifo cha Magufuli, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021.

SINDANO NA USHAHIDI WA MACHO

Kenya ilipokea chanjo za kwanza, zaidi kidogo ya milioni moja za AstraZeneca, tarehe 3 Machi 2021. Vijijini maswali yalikuwa tayari. Je, ina mafuta ya nguruwe? Je, itafunga uzazi? Uvumi huo wa uzazi si mpya. Mwaka 2014 ulisikika nchini Kenya kuhusu chanjo ya pepopunda. Katikati ya Aprili ikaingia Ramadhani, na swali likawa iwapo sindano inafunguza. Wanavyuoni wengi walisema haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala haipiti njia ya chakula. Kisha India, kulikotengenezwa chanjo hizo, ikasitisha kuziuza nje, na waliopata sindano ya kwanza wakaambiwa wangoje ya pili. Mtu aliyeilipia pikipiki nauli mara mbili akarudi mkono mtupu hana haja ya uvumi ili akate tamaa.

Lakini sababu kubwa ya kusita ilikuwa nyingine: mwaka mzima umepita na hatukuona. Hoja hiyo ina uzito, na yafaa kuipa haki yake. Watafiti wa KEMRI na Wellcome, wenye makao Kilifi, walipima damu za wachangiaji damu nchini. Kati ya Aprili na Juni 2020 walikadiria kwamba watu kiasi cha 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na Mombasa kiasi cha 8. Kwa hiyo mwanakijiji aliyesema wakati ule kwamba maradhi yako mjini hakuwa mbali na ukweli. Lakini ilipofika Januari hadi Machi 2021 hesabu ya nchi ilikuwa imekaribia nusu ya watu. Damu zile hazikuwa za vijijini peke yake, hata hivyo zaonyesha jinsi maradhi yalivyopita katikati ya watu bila ya kubisha hodi. Nchi yetu ni ya vijana. Katika kila watu 100 waliohesabiwa mwaka 2019, waliotimiza miaka 60 na zaidi ni kama 6 tu. Kijana aliugua mafua siku tatu akarudi baharini. Hatari ilimngoja yule mmoja aliye ndani.

Na hapo ndipo ushahidi wa macho ulipowasaliti watu. Katikati ya mwaka 2021 ilikuja aina ya Delta, kali kuliko zilizotangulia, wakati ambapo wengi walikuwa wamejifunza kutokana na mwaka wa kwanza kwamba hakuna la kuogopa. Waliohofu mwaka 2020, walipocheka majirani, mwaka 2021 walikuwa wamechoka kuhofu.

Kenya iliandikisha vifo zaidi ya 5,600 vya korona hadi dharura ya dunia ilipotangazwa kumalizika, tarehe 5 Mei 2023. Hao ni waliopimwa. Wazee waliofia majumbani hawakupimwa. Walioshwa na wana wao, wakaswaliwa, wakazikwa siku ile ile kama ilivyo ada yetu, na katika kibali cha mazishi naibu wa chifu akaandika alichoambiwa na wafiwa: homa, kifua, uzee.